Maswali ya Wasomaji: Kwotabeki Mzee, Kwotabeki Kijana na Hesabu za Timu

Majibu haya yaliandikwa kabla ya msimu wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, kufunguliwa Septemba 4, 2025 kwa mchezo kati ya waliokuwa mabingwa Philadelphia Eagles na Dallas Cowboys, na karibu barua zote zilizotufikia mwezi huo zilimhusu mtu mmoja uwanjani, yaani kwotabeki. Kwa msomaji mgeni, huyu ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, na ndani ya sekunde mbili au tatu huamua kama atamkabidhi mkimbiaji, atarusha pasi au atakimbia nao mwenyewe. Tumechagua barua tano ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

Nilisoma Wisconsin na sasa naishi Mombasa, lakini moyo wangu ulibaki kwa Green Bay Packers. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mwaka 2020, tukiwa na Aaron Rodgers, viongozi walimchukua kwotabeki mwingine badala ya kumwongezea Rodgers msaada. Je, hilo halikuwa kosa?

Ndugu yetu, uchungu wako una msingi, na sitaki kuupuuza. Katika msimu wa 2019 Packers walishinda michezo 13 na kupoteza 3, kisha wakafungwa 37–20 na San Francisco 49ers katika fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi, na wengi walioitazama timu ile waliona kwamba imepungukiwa na wapokeaji wa pasi. Aprili iliyofuata, katika drafti, ambalo ni zoezi la kila mwaka la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, meneja mkuu Brian Gutekunst aliwapa Miami Dolphins chaguo lake la raundi ya nne ili apande kutoka nafasi ya 30 hadi ya 26, na hapo akamchukua Jordan Love wa chuo cha Utah State. Rodgers alikuwa na umri wa miaka 36 na mkataba wake ulikuwa bado unamfunga hadi 2023. Katika drafti ile nzima Packers hawakuchukua mpokeaji wa pembeni hata mmoja, ilhali Tee Higgins alikuwa bado hajachaguliwa na akaangukia Cincinnati katika nafasi ya 33.

Kilichofuata kilizidisha hoja yako. Rodgers alitajwa kuwa Mchezaji Bora wa Msimu wa 2020 na tena wa 2021, na timu ikatolewa kwa tofauti ndogo sana: 31–26 mbele ya Tampa Bay katika fainali ya NFC ya Januari 2021, na 13–10 mbele ya 49ers mwaka mmoja baadaye. Mtu anayesema kwamba mpokeaji mmoja mwenye uwezo angeweza kuligeuza tokeo la mojawapo ya michezo hiyo hasemi jambo la kipuuzi.

Hata hivyo, nauona uamuzi ule kuwa sahihi, na sababu yangu ni kwamba Green Bay walikuwa wakirudia njia waliyokwisha kuipita wenyewe. Mwaka 2005, Brett Favre akiwa na miaka 35, walimchukua Rodgers huyo huyo katika nafasi ya 24, wakamweka benchi misimu mitatu, wakamwachia Favre aende New York Jets mwaka 2008, na Februari 2011 Rodgers akawapa ubingwa kwa kuwafunga Pittsburgh Steelers 31–25. Timu isiyojiandaa namna hiyo huweza kulipa gharama kwa muda mrefu: Denver Broncos, baada ya Peyton Manning kustaafu mapema mwaka 2016 akiwa bingwa, walikaa misimu minane mfululizo bila kuingia mechi za mtoano, wakijaribu kwotabeki mmoja baada ya mwingine, mpaka Bo Nix alipowarudisha huko mwaka 2024.

Love alipokabidhiwa timu mwaka 2023 alianza vibaya, ushindi 3 katika michezo 9 ya kwanza, na wapo waliotaka aondolewe. Makocha walivumilia. Katika michezo minane ya mwisho alirusha pasi 18 za tachidauni, yaani za kufunga alama sita, huku moja tu ikinaswa na wapinzani, timu ikaingia mtoano, ikawafunga Dallas 48–32 nyumbani kwao, na ikaanguka kwa 24–21 tu huko San Francisco. Naamini uvumilivu huo una uhusiano na jinsi klabu yenyewe ilivyoundwa, kwa kuwa tangu 1923 Packers ni mali ya wanahisa wa kijamii na hakuna tajiri mmoja anayeweza kuamka na hasira akaamuru kijana atolewe. Nisichoweza kukitetea ni namna Rodgers alivyoachwa bila kuandaliwa kwa habari ile. Mchezaji aliyeibeba klabu kwa zaidi ya miaka kumi alistahili kuambiwa ana kwa ana kabla ya jina la mrithi wake kusomwa hadharani.

Mimi niko Atlanta. Ikiwa Green Bay walifanya vizuri kumweka kijana nyuma ya mkongwe, kwa nini Falcons walilaumiwa sana kwa kufanya jambo lile lile?

Kwa sababu halikuwa jambo lile lile, dada yangu, ingawa kwa mbali yanafanana. Machi 2024 Falcons walimsajili Kirk Cousins, aliyekuwa ametoka kupasuka kano ya kisigino akiwa Minnesota, kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 180, ambapo milioni 100 zilikuwa na dhamana. Wiki chache baadaye, katika nafasi ya 8 ya drafti, wakamchukua Michael Penix Jr. Green Bay walikuwa na mkongwe ambaye tayari alikuwa wao, na chaguo walilolitumia lilikuwa la mwisho mwisho wa raundi ya kwanza. Atlanta walilipa bei kamili ya mkongwe na bei kamili ya kijana katika majira yale yale, kwa nafasi moja ambayo mtu mmoja tu anaweza kuicheza kwa wakati. Fedha na chaguo lile vingeweza kuleta mtu wa kuwakimbilia makwotabeki wa wapinzani, upungufu ambao Atlanta walikuwa nao kwa miaka.

Cousins alianza vizuri, kisha katika michezo mitano ya mwisho aliyoianza akarusha pasi moja ya tachidauni na kunaswa mara tisa, na Desemba akawekwa benchi. Penix akaanza michezo mitatu ya mwisho na timu ikamaliza na ushindi 8 kwa vipigo 9. Kama Penix atakuwa mzuri, na mkono wake wa kushoto una nguvu ya kutosha kunifanya niamini kwamba inawezekana, watu watasema Atlanta waliona mbali. Mimi nitaendelea kusema kwamba walimpata mtu sahihi kwa njia ya gharama isiyo ya lazima.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo Arusha na naifuatilia NFL kwa simu. Kila mwaka tunaambiwa kijana fulani ana kipaji cha ajabu, anachaguliwa mapema, halafu baada ya miaka miwili anaonekana hafai. Je, wataalamu hawajui kutambua vipaji?

Marahaba, mwanangu. Wanajua zaidi ya tunavyodhani, lakini wanachokipima ni kijana alivyo, na kinachoamua mafanikio yake kwa kiasi kikubwa ni mahali anapopelekwa. Chukua drafti ya 2018, ambayo kwangu ndiyo darasa bora kuliko yote juu ya jambo hili. Makwotabeki watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza: Baker Mayfield wa kwanza kabisa, Sam Darnold wa 3, Josh Allen wa 7, Josh Rosen wa 10 na Lamar Jackson wa 32.

Allen alifika Buffalo akiwa na mkono wenye nguvu na shabaha mbovu, na katika msimu wake wa kwanza pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8 tu. Buffalo hawakumbadilishia mwalimu: Brian Daboll alibaki kuwa kocha wa ushambuliaji kwa misimu minne mfululizo, klabu ikaimarisha walinzi wanaomkinga kwotabeki, na Machi 2020 ikamleta Stefon Diggs kutoka Minnesota. Msimu huo asilimia ikapanda hadi 69.2, na mwaka 2024 Allen akawa Mchezaji Bora wa Msimu. Baltimore nao, badala ya kumlazimisha Jackson acheze kama kwotabeki wa kawaida anayesimama mahali pamoja, waliujenga upya mfumo wao wote kuifuata miguu yake, na alipofanyiwa hivyo akatwaa tuzo hiyo mwaka 2019 na tena 2023.

Sasa mtazame Rosen. Arizona walimchukua, wakamfukuza kocha baada ya msimu mmoja, wakamwajiri kocha mpya aliyekuwa na mfumo wake, na mwaka 2019 wakamchukua Kyler Murray kwa chaguo la kwanza kabisa, kisha Rosen akapelekwa Miami. Sidai kwamba angekuwa nyota kama angebaki. Nadai tu kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kujua. Mayfield alipita Cleveland, Carolina na Los Angeles kabla ya kutulia Tampa Bay na kuipa ubingwa wa divisheni yake mwaka 2023, akiwa mtu yule yule na mkono ule ule.

Jambo la kwanza ninalolitazama mimi ni walinzi watano wanaosimama mbele ya kwotabeki. Mwaka 2002 Houston Texans, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, walimchukua David Carr kwa chaguo la kwanza kabisa na wakamweka nyuma ya walinzi dhaifu mno, akaangushwa na wapinzani akiwa bado na mpira mkononi mara 76 katika msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa. Kijana anayeangushwa hivyo hujifunza kuutazama mguu wa adui anayekuja badala ya kumtazama mwenzake aliye wazi mbali, na desturi hiyo ikishamwingia mwilini ni vigumu kuitoa hata ukimpa walinzi wema baadaye.

Ndiyo maana msimu uliopita wa Caleb Williams pale Chicago ulinisikitisha. Alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2024, akaangushwa mara 68, kocha wa ushambuliaji Shane Waldron akafukuzwa Novemba, na kocha mkuu Matt Eberflus akafuata mwisho wa mwezi huo huo. Timu ikashinda michezo 5 tu. Mwaka huu, angalau, Bears wamefanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo: wamemwajiri Ben Johnson, aliyeunda mashambulizi makali ya Detroit Lions, na kwa walinzi wa katikati wamewaleta Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman. Thuney peke yake ana ubingwa mara nne, mbili akiwa New England na mbili akiwa Kansas City. Natarajia Williams aangushwe mara chache zaidi, na hilo likitokea ndipo tutaanza kumhukumu yeye mwenyewe.

Mimi na jamaa zangu hapa Minneapolis tumegombana majira yote ya kiangazi kuhusu Sam Darnold. Alitushindia michezo 14, halafu Vikings wakamwacha aende Seattle na timu wakampa kijana ambaye hajacheza mchezo hata mmoja wa ligi. Tafadhali tuamulie.

Nitajaribu, ingawa nakiri kwamba pande zote mbili za ugomvi wenu zina watu wenye akili. Tuanze na Darnold mwenyewe. Jets walimchukua wa 3 mwaka 2018, wakabadilisha kocha baada ya msimu wake wa kwanza, na Aprili 2021 wakampeleka Carolina, ambako nako hakutulia. Mwaka 2023 alikaa benchi San Francisco nyuma ya Brock Purdy, akijifunza mfumo wa Kyle Shanahan. Minnesota walipomsajili mwaka 2024 kwa mwaka mmoja na dola milioni 10, alikuwa amekusudiwa kumshikia nafasi J. J. McCarthy, aliyechaguliwa wa 10 mwaka huo. McCarthy akaumia gegedu ya goti katika maandalizi ya msimu, na Darnold akarusha yadi 4,319 na pasi 35 za tachidauni chini ya Kevin O'Connell, ambaye mwishoni alitajwa kuwa kocha bora wa mwaka.

Kisha ikaja wiki mbili ambazo naamini ziliamua kila kitu. Katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, ambao mshindi angepata nafasi ya kwanza ya NFC, Detroit waliwafunga 31–9 na Darnold akakamilisha pasi 18 kati ya 41. Katika mtoano, Los Angeles Rams wakamwangusha mara tisa na kushinda 27–9. Mashabiki wengi humlaumu yeye peke yake kwa hayo. Mimi nalaumu pia walinzi wa katikati, ambao walipitwa mara kwa mara katika michezo yote miwili, ingawa ni kweli kwamba alishika mpira muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Hapa ndipo fedha zinapoingia. Kila timu ya NFL ina kikomo cha mishahara, na kwa mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 279.2, kwa hiyo kila dola anayolipwa kwotabeki ni dola ambayo mlinzi au mpokeaji hataipata. Kabla ya mkataba wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2011, kijana aliyechaguliwa wa kwanza angeweza kudai utajiri kabla ya kuingia uwanjani: Sam Bradford mwaka 2010 alipata dhamana ya dola milioni 50. Mwaka uliofuata, chini ya utaratibu mpya, Cam Newton alipata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki mzuri aliye katika mkataba wake wa kwanza ndiye mali yenye faida kubwa kuliko zote katika ligi, kwa maana bei ya mkongwe imepanda hadi dola milioni 60 kwa mwaka, anazolipwa Dak Prescott pale Dallas.

Kumzuia Darnold kwa mwaka mmoja zaidi kupitia haki maalumu ya klabu kungewagharimu Minnesota zaidi ya dola milioni 40. Seattle walimpa miaka 3 kwa milioni 100.5. McCarthy kwa miaka yake minne yote anapata karibu milioni 22. Tofauti hiyo Vikings hawakuiweka mfukoni, kwani waliwaleta Ryan Kelly na Will Fries kutoka Indianapolis, wakamchukua mlinzi Donovan Jackson kwa chaguo lao la kwanza katika drafti, na wakawaongeza Jonathan Allen na Javon Hargrave katika safu ya ulinzi. Yaani walikitazama kile kilichowaangusha Januari, katikati ya ukuta wao, wakanunua watu wa kupaimarisha.

Kwa hiyo nawaunga mkono wale kati yenu wanaosema uamuzi ulikuwa na mantiki, lakini kwa sharti moja. Hesabu hii yote inasimama juu ya goti la kijana wa miaka 22 ambaye aliukosa msimu wake wote wa kwanza kwa sababu ya jeraha. Timu yenye Justin Jefferson, mmoja wa wapokeaji bora kabisa wa kizazi hiki, haina haki ya kuutupa mwaka wake kwa kujifunza, na ingalikuwa busara kumweka nyuma ya McCarthy mkongwe aliyekwisha kuongoza timu katika mtoano. Jamaa zako wanaomlilia Darnold wanalia kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa mapenzi ya Darnold mwenyewe, na katika hilo wako sahihi. Nawaomba tu mkubaliane kwamba, McCarthy akifanya vibaya Septemba, haitakuwa ushahidi kwamba Machi viongozi walikosea. Love naye alishinda 3 kati ya 9.

Hapa Nakuru tunatazama michezo usiku na mara nyingi tunabishana bila kujua tunachopaswa kukitazama. Unapompima kwotabeki kijana, unatazama nini?

Achaneni kwanza na jumla ya yadi, kwa sababu timu inayofungwa mapema hurusha mpira mwingi mwishoni na takwimu hujaa bila ushindi. Tazameni jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa ili isonge mbele yadi kumi, hasa pale inapohitaji bado yadi saba au zaidi na kila mtu uwanjani anajua kwamba pasi inakuja: je, macho ya kijana yanatoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda kwa wa pili na wa tatu, au yanaganda kwa mmoja mpaka anaangushwa? Tazameni miguu yake adui anapokaribia, kama inabaki tayari kurusha au inakimbia kabla ya wakati. Na mara kwa mara acheni kumtazama yeye, mtazame walinzi wake watano tangu mpira unapochezwa hadi unapotoka mkononi; ndani ya robo moja ya mchezo mtajua kama mnachobishania ni kosa lake au lao.

Michezo ya mapema ya Jumapili itawafikia saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki hadi mwanzo wa Novemba, na baada ya Marekani kurudisha saa zao nyuma itakuwa saa 3. Mkiweza kukesha mara moja tu, ukesheni usiku wa kuamkia Jumanne, Septemba 9, saa 9:15, Minnesota watakapocheza Chicago: McCarthy upande mmoja katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, Williams upande wa pili na walinzi wake wapya.